Risiti ya Bi Orie

Yeni mia nane, na siku saba za kujuta:
hayo ndiyo masharti ya Bi Orie
katika duka lake la vitu vilivyotumika, Aomori,
nyuma ya kituo cha treni, theluji imefika madirishani.
"Usipoupenda, urudishe Jumamosi. Na risiti.
Bila risiti sikujui."

Kaseti ya kijivu, kona moja imetafunwa na mbwa wa mtu.
Kisima cha Orunda. Mchezo una miaka thelathini na miwili,
mimi arubaini na minne.
Siwezi kudai nimeuziwa mbuzi kwenye gunia;
kasoro zake mama huyu alinisomea zote, kama hakimu:
shujaa anatembea kama aliyevaa viatu vya babaye,
kila hatua nne popo wanazuka wakitaka vita,
ramani hakuna,
na ukifa unaamkia ulikolala jana.
"Saa sitini," akasema. "Unazo?"

Ninazo? Usiku naendesha mtambo wa kusukuma theluji,
darajani hadi hospitali, hospitali hadi darajani,
na nikifika mwisho, mwanzo umeshafunikwa.
Mchana naudai usingizi kama deni la mtu aliyehama.
Kwa saa sitini ningeng'oa lile zulia.
Ningempigia dada yangu simu, tukagombana, tukapatana.

Lakini kuna Shunpei.
Darasa la sita yeye alikuwa nao, mimi sikuwa nao,
na kila asubuhi njiani kwenda shule
alinisimulia alikofika jana.
Langoni mwa Orunda, alisema, kuna mwanamke auzaye taa.
Ukimuaga, analia.
Ukirudi, unamkuta amezeeka.
Mwezi wa pili baba yake akahamishiwa kusini,
hadithi ikakatika katikati ya daraja,
shujaa mguu mmoja hewani.

Ya kale ni dhahabu, husema watu.
Sawa. Dhahabu nayo hupitishwa motoni.

Jumapili: popo, popo, mbweha, popo,
muziki kama nyuki ndani ya kopo.
Jumanne nikalifikia lango.
Muuza taa yupo: mraba wa kahawia,
juu yake wekundu, kitambaa au nywele.
Nikabonyeza.
"Mafuta yamekwisha leo."
Nikabonyeza tena. "Mafuta yamekwisha leo."
Mara kumi na moja.

Shunpei, mwongo we.
Nikaichomoa kaseti, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni,
nikauning'iniza mlangoni pamoja na funguo.

Usiku ule kazini nikawa naipanga hotuba ya kumpa Bi Orie:
mchezo mkavu, mchezo mtupu,
nusu yake haimo hata ndani ya kaseti.
Hapo nikapunguza mwendo.
Ile nusu aliitengeneza mtoto wa miaka kumi na miwili,
kamasi zinamtiririka, begi limemzidi mgongo,
akiziba mashimo asubuhi baada ya asubuhi
ili mwenzake asiye na kitu asiihisi baridi.
Mchezo wenye maneno mengi
ungemwachia wapi pa kusimama?

Ijumaa. Hita inanuka mafuta ya taa.
Nimemuaga yule mama, nimetoka langoni,
hatua nne, popo, nimerudi.
Hakuzeeka.
Ila usoni pake nukta mbili za buluu ziliwaka, zikazima:
labda macho, labda ni ile kona iliyotafunwa.

Kesho duka linafungwa saa kumi na mbili jioni.
Na ramani hakuna, nilishasema.
Nikapapasa karatasi gizani, nikaanza kuchora:
lango hapa, kisima kule,
daraja nikaliwekea alama ya kuuliza.
Kalamu ilikuwa imeshavuka mto
nilipoigeuza karatasi, nikaona upande wa pili
yeni mia nane, tarehe,
na muhuri mwekundu wa Bi Orie.